Wajasiriamali Jamii na Mabadiliko Yanayodumu: Somo la Chumvi, Sukari Guru na Maji

Utangulizi

Miradi mingi ya maendeleo huzinduliwa kwa shangwe. Utepe hukatwa, ngoma huchezwa, hotuba hutolewa. Baada ya miaka michache pampu ya mradi huohuo hukutwa imeota kutu, mwenye ufunguo wa chumba cha mashine hajulikani aliko, na akina mama wamerudi kuchota maji mtoni. Ipo pia miradi ambayo huanza kimya, bila jukwaa wala wageni waalikwa, ikaenea kijiji hadi kijiji, na miaka 20 baadaye ikawa ingali inafanya kazi hata kama mwanzilishi wake amekwisha kufariki dunia.

Somo hili linahusu tofauti iliyopo kati ya miradi ya aina hizo mbili. Linaeleza jinsi watu wanaoitwa wajasiriamali jamii wanavyoleta mabadiliko, kwa kutumia mifano ya Bangladesh, India, Niger na hapa kwetu Morogoro. Limekusudiwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa kamati za maji na za zahanati, na kwa kila mwananchi mwenye wazo la kuondoa kero katika kijiji au mtaa wake.

Maana ya ujasiriamali jamii

Mfanyabiashara huona pengo katika soko, akalijaza ili apate faida. Mfadhili huona dhiki, akafungua mkono na kutoa. Mjasiriamali jamii ana sifa za wote wawili, ila njia yake ni ya tatu. Kama mfadhili, anachokitafuta ni kuondoka kwa dhiki. Kama mfanyabiashara, huthubutu, huhesabu gharama, hujaribu kidogo kidogo, hurekebisha palipokosewa, na hutafuta njia ya kuifanya kazi ijiendeshe. Faida ikipatikana hurudishwa katika kazi ileile.

Lililo kubwa zaidi ni namna anavyolitazama tatizo. Aghalabu dhiki hudumu kwa sababu upo mpangilio unaoilinda. Dawa inaweza kuwapo mjini, na mtoto akafa kijijini kwa kuikosa. Mkulima anaweza kuwa na shamba zuri, akabaki maskini kwa sababu mkopo pekee anaoweza kuupata ni wa mlanguzi anayenunua mazao yangali machanga shambani. Atakayempa mkulima huyo gunia la mahindi atamsaidia mwezi mmoja. Atakayemwezesha kupata mkopo wa haki atakuwa ameugusa mpangilio wenyewe. Huko ndiko mjasiriamali jamii anakoelekeza nguvu zake.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mpangilio unaolinda dhiki hauonekani kutoka mbali. Ndiyo maana mifano yote inayofuata inaanza na mtu aliyekaa karibu na tatizo kwa muda wa kutosha hadi akaona jambo ambalo wengine hawakuliona.

Mfano wa kwanza: mkono wa mama uliogeuzwa kipimo

Mwaka 1970 kimbunga kikubwa kilipiga pwani ya nchi ambayo leo ni Bangladesh, na mwaka uliofuata vita vya ukombozi vikawafukuza mamilioni ya watu makwao. Wakati huo Fazle Hasan Abed alikuwa mhasibu, mkuu wa fedha katika kampuni ya mafuta ya Shell. Alikuwa na fleti mjini London. Akaiuza, na fedha zake zikatumika mwaka 1972 kuwasaidia wakimbizi waliokuwa wakirejea katika eneo la Sulla, kaskazini-mashariki mwa nchi. Hapo ndipo lilipozaliwa shirika la BRAC. Mwanzoni kazi yake ilikuwa ya misaada tu. Haukupita muda mrefu Abed akatambua kwamba msaada ungekwisha na kuuacha umaskini palepale ulipokuwa.

Miongoni mwa maradhi yaliyowaua watoto wengi nchini humo ni kuhara. Mtoto anayeharisha hudhoofika na kufa kwa kupoteza maji na chumvi mwilini. Tiba yake haikuwa siri. Katika kambi moja ya wakimbizi mwaka 1971, daktari Dilip Mahalanabis aliona dripu zinakwisha wakati wagonjwa wa kipindupindu wanazidi kumiminika. Akaamua kuwanywesha maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari. Vifo vilivyokuwa takriban 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka hadi chini ya 4.

Basi tiba ilikuwapo, na bei yake ilikuwa ndogo mno. Kilichokosekana ni njia ya kuufikisha ujuzi huo kwa mama anayeishi mbali na hospitali, asiyejua kusoma, asiye na mizani wala kijiko cha kipimo. Wataalamu wengi waliona kwamba mama wa namna hiyo hawezi kuaminiwa kutengeneza dawa, kwani chumvi ikizidi humdhuru mtoto. BRAC ikalitazama jambo hilo kwa upande mwingine, ikatafuta kipimo ambacho kila mama anacho. Kipimo hicho kikawa mkono wake mwenyewe: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, konzi moja ya sukari guru, na maji nusu seri, yaani kipimo cha wenyeji kinachokaribia nusu lita.

Kuanzia mwaka 1980 walimu wa kike walitembea kwa miguu nyumba hadi nyumba, kijiji kwa kijiji. Kila mmoja aliketi na mama uani kwake, akamfundisha, kisha akamtaka atengeneze maji hayo kwa mkono wake. Mambo ya kukumbuka yalikuwa kumi. Ilipoonekana kwamba kumi ni mengi mno, yakapunguzwa hadi saba.

Utaratibu wa malipo ndio uliokuwa na somo kubwa zaidi. Mwalimu hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizozitembelea. Baada ya muda, mkaguzi alirudi katika baadhi ya kaya bila mwalimu kujua zipi zitachaguliwa. Mama aliombwa kueleza aliyofundishwa na kutengeneza maji, na sampuli za maji hayo zikapimwa maabara. Malipo ya mwalimu yalipanda au kushuka kwa kadiri akina mama walivyokumbuka. Hivyo fedha zilifuata matokeo, na mwalimu aliyekimbia nyumba 20 kwa siku bila kueleweka hakupata kitu cha maana.

Hata hivyo, ukaguzi ulifichua jambo la kusikitisha. Akina mama walikumbuka somo vizuri, lakini wachache tu ndio walioyatumia maji hayo watoto walipougua. Wengine wangeandika taarifa ya mafanikio kwa kuhesabu waliofundishwa, wakafunga kitabu. BRAC iliuliza kwa nini, na majibu mawili yakajitokeza. Kwanza, baadhi ya walimu wenyewe hawakuiamini tiba waliyoifundisha. Walipoharisha wao, walinunua vidonge. Ikabidi wapelekwe katika hospitali ya kipindupindu mjini Dhaka, wakaone kwa macho yao wagonjwa mahututi wakinyanyuka. Pili, akina baba hawakuwa wamefundishwa, na kwa kuwa wao ndio walioshika fedha na uamuzi wa nyumba, walikataa jambo wasilolielewa. Ndipo mazungumzo yakaanza kufanyika pia misikitini, sokoni na shuleni.

Katika miaka kumi, zaidi ya kaya milioni 12 zilifikiwa. Leo Bangladesh ni miongoni mwa nchi zinazoitumia tiba hiyo kwa kiwango cha juu kabisa duniani. Abed alifariki dunia Desemba 2019. Shirika lake linaendelea, na tangu mwaka 2006 linafanya kazi Tanzania pia.

Ifahamike kwamba siku hizi wataalamu wa afya wanashauri mtoto anayeharisha apewe maji ya pakiti za ORS pamoja na vidonge vya zinki. Mzazi asikadirie chumvi kwa mkono maadamu pakiti hizo zinapatikana. Afike zahanati au amwone mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na asichelewe akiona mtoto analegea, ana damu kwenye choo au anashindwa kunywa.

Mfano wa pili: anayelipa na asiyelipa katika hospitali moja

Dokta Govindappa Venkataswamy alikuwa daktari wa macho katika utumishi wa serikali nchini India. Ugonjwa wa baridi yabisi ulikuwa umemkunja vidole, lakini alijizoeza hadi akaweza kufanya upasuaji. Alipostaafu mwaka 1976 alifungua katika mji wa Madurai hospitali ndogo ya vitanda 11, iliyoitwa Aravind. Tatizo aliloliona ni mtoto wa jicho: mamilioni ya watu walikuwa vipofu kwa ugonjwa unaoondolewa kwa upasuaji wa muda mfupi.

Venkataswamy alipanga kazi ili kila mtumishi afanye lile ambalo yeye hasa ndiye anayeliweza. Wasichana kutoka vijijini walifunzwa kumpima na kumwandaa mgonjwa. Daktari akabaki na upasuaji wenyewe, akimaliza meza moja na kugeukia ya pili ambako mgonjwa mwingine yupo tayari. Kwa njia hiyo daktari mmoja alihudumia wagonjwa wengi zaidi, na gharama ya kila mmoja ikashuka. Wenye uwezo walilipa, na malipo yao yakatosha kuwahudumia wasio na uwezo bila malipo au kwa malipo madogo. Chumba cha kulala kilitofautiana, lakini daktari na upasuaji vilikuwa vilevile.

Huko nako lilijitokeza jambo lisilotarajiwa. Upasuaji ulitangazwa kuwa wa bure, na bado maskini wengi hawakuja. Kumbe bure ya hospitali haikuwa bure ya safari. Mgonjwa alihitaji nauli, chakula, mtu wa kumwongoza, na alipoteza vibarua vya siku kadhaa. Aravind ikaanza kuwafuata watu vijijini kwa kambi za uchunguzi, ikawasafirisha na kuwalisha. Baadaye, mwaka 1992, ilianzisha kiwanda chake cha lenzi za kupandikiza ndani ya jicho, kwa kuwa lenzi zilizoagizwa kutoka nje zilikuwa ghali mno. Bei ikashuka hadi sehemu ndogo tu ya ile ya awali.

Kwa mtoa huduma yeyote, hapa pana funzo la wazi. Huduma inaweza kutangazwa kuwa ya bure na bado ikawa na gharama zilizojificha, na gharama hizo huwaangukia wale ambao huduma ilikusudiwa kwa ajili yao.

Mfano wa tatu: panya buku wa Morogoro

Si lazima suluhisho liagizwe kutoka ng'ambo. Mwaka 1997 Mbelgiji Bart Weetjens alianzisha shirika la APOPO akiwa na wazo lililowachekesha wengi, la kuwafunza panya kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Kazi hiyo ikahamia Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mnyama aliyechaguliwa ni panya buku, anayepatikana katika mazingira yetu na kufahamika zaidi kama mharibifu wa mazao. Ana pua kali, anaishi miaka mingi kuliko panya wa kawaida, na uzito wake ni mdogo kiasi kwamba hawezi kulipua bomu analolikanyaga.

Panya waliofunzwa Morogoro walishiriki kusafisha mashamba nchini Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imeondoa mabomu yote ya ardhini yaliyojulikana. Mwaka 2020 panya aitwaye Magawa, aliyefanya kazi Kambodia, alitunukiwa na shirika la Uingereza nishani ya dhahabu ya ushujaa wa wanyama.

Pua ileile ilielekezwa pia kwenye kifua kikuu. Sampuli za makohozi kutoka vituo vya afya, ambazo darubini haikuona vimelea ndani yake, hupelekwa kwa panya wanusaji. Panya hapewi neno la mwisho: sampuli anayoitilia shaka hurudiwa maabara kwa njia zinazokubalika, na mgonjwa akithibitika hutafutwa ili aanze dawa. Utaratibu huo una somo muhimu. Mbunifu hakuanzisha hospitali ya kushindana na za serikali. Aliupachika ubunifu wake katika mfumo uliopo, mahali pale ambapo wagonjwa walikuwa wakiponyoka bila kugunduliwa.

Mfano wa nne: sanduku la kufuli tatu

Mwaka 1991, katika mkoa wa Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza kuwafunza wanawake namna ya kuweka na kukopeshana akiba yao wenyewe. Upatu ulikuwapo tangu zamani, kama ulivyo kwetu. Kilichoongezwa ni utaratibu. Wanachama hununua hisa katika kila mkutano, fedha hukopeshwa kwa riba inayoamuliwa na kikundi, na mwisho wa mzunguko, ambao aghalabu ni mwaka mmoja, kila mwanachama hugawiwa kwa kadiri ya hisa zake. Fedha huhifadhiwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti, hivyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake.

Utaratibu huo ulivuka mipaka ya Niger na kuenea katika nchi nyingi za Afrika. Hapa Tanzania vikundi vya kuweka na kukopa, vikiwamo vile vinavyojulikana kama VICOBA, vimo katika karibu kila kata. Vimeenea kwa sababu havikuhitaji mtaji kutoka nje wala jengo. Mwanamke aliyejifunza katika kikundi kimoja aliweza kuwafundisha jirani zake wakaanzisha cha kwao.

Nguvu ya sanduku hilo iko katika uwazi wake. Kila shilingi huhesabiwa mbele ya wote, hata asiyejua kusoma akashuhudia. Msemo wa Kiswahili usemao mali bila daftari hupotea bila habari hupata maana kamili hapo. Daftari la kwanza la kikundi ni macho ya wanachama waliokusanyika.

Njia zilizopotoka

Somo lisingekamilika bila kutaja yaliyoharibika. Kusini mwa Afrika ilibuniwa pampu iliyounganishwa na bembea ya kuzunguka, ikaitwa PlayPump. Wazo lilivutia: watoto wacheze, na mchezo wao uvute maji hadi kwenye tangi. Mwaka 2006 ilizinduliwa kampeni kubwa ya kuzisambaza kwa maelfu. Miaka michache baadaye kampeni hiyo ilisimama. Pampu ilikuwa ghali mara kadhaa kuliko pampu ya mkono ya kawaida, ilipoharibika ilikaa muda mrefu bila kutengenezwa, na watoto hawakucheza kwa saa zote ambazo kijiji kilihitaji maji. Mahali pengi wanawake, wakiwemo wazee, walijikuta wakiizungusha wenyewe. Wao ndio wachotaji wa kila siku, nao ndio wangeulizwa kwanza.

Kisa cha pili ni cha mikopo midogo. Mwaka 1976 Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi nchini Bangladesh, aliwakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra jumla ya dola 27 za Marekani, ili wajinasue kutoka kwa wakopeshaji wa riba kubwa. Kutokana na mwanzo huo ilizaliwa Benki ya Grameen, na mwaka 2006 benki hiyo pamoja na mwanzilishi wake walipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Lakini wazo hilohilo lilipoingia mikononi mwa waliotafuta faida ya haraka, lilileta maumivu. Katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, kampuni zilikopesha bila kuuliza kama mkopaji ana madeni mengine, na ukusanyaji ukawa wa vitisho. Mwaka 2010 serikali ya jimbo iliingilia kati kwa sheria kali, na biashara hiyo ikaporomoka. Jina lilikuwa lilelile, yaani mikopo kwa maskini. Kilichobadilika ni lengo, na hakuna aliyekuwa akipima kama maskini mwenyewe ameinuka au amezama.

Njia ya mabadiliko kwa muhtasari

Mifano hii, mizuri na mibaya, inaonyesha njia yenye hatua tano.

Kwanza, kukaa na tatizo na kuwasikiliza wanaoliishi, hadi mpangilio unaolilinda uonekane.

Pili, kujaribu kwa udogo, kwa vitu na watu waliopo: mkono wa mama, panya wa porini, upatu wa majirani.

Tatu, kupima matokeo kwa yule aliyekusudiwa. Idadi ya semina zilizofanyika, pampu zilizosimikwa au fedha zilizotolewa haitoshi. Swali ni kama mama ametengeneza maji mtoto alipougua, na kama kipofu aliyekosa nauli amefika hospitali.

Nne, kurekebisha bila kuona haya. Kilichoiokoa kazi ya BRAC ni ujasiri wa kukiri kwamba mafunzo yamefanyika na matumizi hayapo.

Tano, kuukabidhi utaratibu kwa wengine, ili uendelee bila mwanzilishi: kwa kikundi kingine, kwa kijiji jirani, au kwa serikali yenyewe.

Nafasi ya halmashauri na ya kikundi

Mjasiriamali jamii hachukui nafasi ya serikali. Barabara, zahanati, shule na sheria hubaki kuwa wajibu wa umma. Kazi yake ni kuonyesha njia ambayo haijajaribiwa, na ikithibitika, umma huipanua.

Kwa upande wake, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, baada ya ukaguzi kufichua marejesho hafifu na vikundi hewa, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Fedha hizo zinatokana na ushuru wa soko, leseni na tozo zinazolipwa na wananchi wenyewe. Kikundi kisichorejesha kinakuwa kimeufunga mlango wa kikundi kilicho nyuma yake kwenye foleni; sanduku hilo nalo ni la wote, ingawa kufuli zake hazionekani.

Kwa hiyo kikundi kinachoandaa andiko la mradi hakina budi kujiuliza zaidi ya kiasi cha mkopo. Kieleze ni kero gani inayoondolewa, ni nani hasa atakayefaidika, kitapimaje kwamba amefaidika, na kazi itaendeleaje mkopo ukimalizika. Kikundi cha vijana kinachotaka kukusanya taka, kwa mfano, kiseme kaya zipi zitalipa, zipi hazina uwezo na zitahudumiwaje, mkokoteni ukiharibika utatengenezwa kwa fedha zipi, na taka zitaishia wapi. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye wa kumwona kwanza kwa ushauri, usajili wa kikundi na maelekezo ya maombi ya mkopo. Vikundi vya kuweka na kukopa navyo vinatakiwa kusajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi

1. Taja kero moja ya kijiji au mtaa wenu ambayo imeshughulikiwa mara kadhaa na bado ipo. Ni mpangilio gani unaoilinda?

2. Ni huduma gani katika eneo lenu ambayo ni ya bure kwa maneno, lakini ina gharama zilizojificha? Ni nani anayeikosa kwa sababu hiyo?

3. Kama mwalimu wa BRAC angelipwa kwa idadi ya nyumba alizotembelea, mambo yangekuwaje? Kikundi chenu kinahesabu nini ili kujua kwamba kimefanikiwa?

4. Mwenyekiti na mweka hazina wenu wakihama leo, ni kazi gani zitasimama kesho? Ni nani aanze kufundishwa kazi hizo sasa?

Swali la nne lijibiwe kwa majina, na majina hayo yaandikwe katika daftari la kikundi kabla mkutano haujafungwa.